Kadi Moja, Draiva Moja: Ushauri kwa Wenye Kompyuta za Zamani

Maswali ninayoletewa kuhusu kompyuta za mtumba yanafanana mno. Mtu amenunua Dell OptiPlex au HP Compaq Kariakoo au katikati ya Nairobi, fundi amemwekea Windows 10, intaneti imekwenda vizuri kwa muda, kisha ikaanza kukatika. Akaambiwa aweke draiva mpya ya kadi ya mtandao. Akaweka. Hali ikazidi kuwa mbaya. Akaweka nyingine. Sasa kadi haionekani kabisa, na swali lake ni kama anunue mashine nyingine.

Usinunue bado. Mara nyingi kadi yenyewe ni nzima. Kilichoharibika ni mpangilio wa draiva, yaani zile programu ndogo zinazoiwezesha Windows kuzungumza na kadi. Windows huhifadhi kwenye ghala lake draiva zilizowahi kuwekwa, na kila inapoikuta kadi huchagua mojawapo. Ukiweka ya pili bila kuondoa ya kwanza, na ya tatu juu ya hizo mbili, hujatengeneza kitu, umeongeza wagombea. Mafahali wawili hawakai zizi moja. Basi shika hili kabla ya mengine yote: ondoa kwanza, ndipo uweke.

## Hakikisha kwanza kwamba ni draiva

Kosa la awali ni kuilaumu draiva kabla ya kupima. Fanya vipimo hivi, havichukui muda:

- Tazama taa za tundu la waya nyuma ya kompyuta. Zikiwa zimezima kabisa, badilisha waya na ujaribu tundu jingine la ruta kabla ya kugusa chochote ndani ya Windows.
- Fungua dirisha jeusi la amri (andika `cmd` kwenye sehemu ya kutafutia) kisha andika `ipconfig`. Ukiona anwani inayoanza na 169.254, kadi inafanya kazi ila haikupewa anwani na ruta. Huenda draiva haihusiki.
- Andika `ping 8.8.8.8`. Ikijibu, lakini `ping google.com` ikakataa, tatizo ni DNS. Draiva yako iache.
- Angalia saa na tarehe ya kompyuta.

Hilo la mwisho wengi hulipuuza, na kwenye mashine za zamani ndilo linalodanganya watu kuliko yote. Betri ndogo ya duara iliyo kwenye madabodi, CR2032, huisha baada ya miaka kadhaa. Ikiisha, kila unapochomoa kompyuta kwenye umeme, tarehe hurudi nyuma miaka mingi. Kivinjari kikiona tarehe hiyo kinakataa kufungua tovuti kwa kuwa vyeti vyake vya usalama vinaonekana si halali. Mtu huona "hakuna intaneti", akaanza kufuta draiva iliyokuwa nzima. Badilisha betri, rekebisha saa, ujaribu tena.

## Dalili za mgongano wenyewe

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `devmgmt.msc`, bonyeza Enter. Dirisha la Device Manager litafunguka. Tafuta kundi la "Network adapters", na pia "Other devices" ambako vifaa visivyo na draiva hujificha. Bofya mara mbili kwenye kadi, usome namba ya kosa iliyoandikwa ndani ya kisanduku. Namba hiyo ni ya maana kuliko alama ya mshangao ya njano ambayo kila mtu huitaja:

- Code 22: kadi imezimwa tu. Bofya kitufe cha kulia cha kipanya, uchague "Enable device". Kazi imekwisha.
- Code 28: hakuna draiva iliyowekwa. Huu si mgongano. Ruka hadi sehemu ya kuweka.
- Code 10: kadi imeshindwa kuanza. Mara nyingi ni draiva isiyo yake, mara nyingine ni kadi iliyoungua.
- Code 31 na 39: draiva ipo lakini haipakiki, au faili lake limeharibika.
- Code 52: Windows haiwezi kuthibitisha sahihi ya draiva.
- Code 12: kadi imekosa nafasi ya kutosha ya rasilimali za mashine. Huonekana zaidi pale ambapo kuna kadi ya ndani na nyingine ya kuchomeka.

Dalili nyingine haina namba. Unataka kuipa kadi anwani ya kudumu, Windows inakuonya kwamba anwani hiyo tayari imepewa kadi nyingine, na hiyo nyingine huioni popote. Hicho ni kivuli cha kadi iliyowahi kukaa humo. Nitakirudia chini.

## Andaa njia ya kurudi

Hapa nakusihi usiwe na haraka. Ukifuta draiva ya mtandao umejikatia mtandao, na huwezi kupakua nyingine kwenye mashine hiyohiyo. Kabla ya kufuta chochote:

1. Tengeneza alama ya kurejea. Andika `sysdm.cpl`, nenda "System Protection", uwashe ulinzi kama umezimwa, kisha "Create".
2. Kwenye Windows 10, nakili draiva zote zilizopo. Tengeneza folda kwenye flashi, tuseme D:\draiva, fungua dirisha la amri kwa "Run as administrator", andika:

`pnputil /export-driver * D:\draiva`

3. Pakua draiva unayotarajia kuiweka kabla ya kuondoa iliyopo, uihifadhi kwenye flashi hiyohiyo.

Kama kadi tayari imekufa kabisa, tumia simu. Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, nenda kwenye mipangilio ya simu, uwashe kipengele cha kugawa intaneti kwa USB. Windows 7 na za baadaye huitambua simu kama kadi nyingine ya mtandao. Simu ikiwa imeunganishwa na waifai ya nyumbani, inaipitisha hiyohiyo, kwa hiyo bando lako halitaguswa. Windows ya zamani ikiwa na kivinjari kisichoweza kufungua tovuti za leo, pakua faili kwenye simu, ulihamishe kwa waya.

## Soma namba, usisome jina

Watu huniambia, "Kadi yangu ni Realtek." Hiyo haitoshi. Realtek imetengeneza kadi za namna nyingi, na draiva ya moja haiendeshi nyingine. Wala usitegemee kesi ya nje: OptiPlex 780 na OptiPlex 790 hutoka kiwanda kimoja na hupangwa rafu moja dukani, lakini ya kwanza ina kadi ya Intel 82567LM na ya pili ina 82579LM.

Ndani ya Device Manager fungua kadi, nenda kwenye "Details", kisha kwenye orodha uchague "Hardware Ids". Utaona mstari kama huu:

`PCI\VEN_10EC&DEV_8168`

Herufi nne baada ya VEN ni mtengenezaji, nne baada ya DEV ni aina ya kadi. Utakaokutana nao zaidi:

- 10EC ni Realtek
- 8086 ni Intel
- 14E4 ni Broadcom
- 168C ni Qualcomm Atheros, hasa kadi za waifai
- 1969 ni Atheros za waya
- 11AB ni Marvell

Kadi za USB huandikwa VID badala ya VEN. 0BDA ni Realtek, 148F ni Ralink.

Kwa Realtek, 8168 ni kadi ya gigabiti, 8136 ni ya megabiti 100, na 8139 ni ile kongwe ya megabiti 100 iliyojaa kwenye mashine za miaka ya 2000. Nimeona mara nyingi draiva ya 8139 ikilazimishwa kwenye 8168 kwa sababu tu zote zimeandikwa Realtek. Andika namba zako kwenye karatasi. Ndizo utakazolinganisha na kila faili utakalopakua.

## Kuondoa mpaka ghalani

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo wengi hukomea njiani. Kufuta kadi ndani ya Device Manager peke yake hakutoshi. Ukiwasha upya, Windows itaingia ghalani na kurudi na draiva ileile.

Chomoa waya wa mtandao na uzime waifai kwanza, ili Windows isipakue kitu wakati unafanya kazi. Kisha:

1. Bofya kadi kwa kitufe cha kulia, chagua "Uninstall device". Ukiona kisanduku cha "Delete the driver software for this device", kitie alama. Kisanduku kisipoonekana, draiva hiyo ni ya Windows yenyewe, haifutiki na haina haja ya kufutwa.
2. Bila kuwasha upya, chagua "Scan for hardware changes" kwenye menyu ya "Action". Kadi ikirudi ikiwa na draiva nyingine ya zamani, ifute nayo kwa njia hiyohiyo. Rudia mpaka ibaki na draiva ya Windows au ibaki haina draiva kabisa.
3. Kwa uhakika, kagua ghala. Kwenye dirisha la amri la msimamizi andika `pnputil /enum-drivers`. Orodha ndefu itatokea. Tafuta penye kundi la "Network adapters" na jina la mtengenezaji wa kadi yako, uandike jina la faili lake, kwa mfano oem12.inf.
4. Lifute:

`pnputil /delete-driver oem12.inf /uninstall`

Kwenye Windows 7 amri hizo huandikwa `pnputil -e` na `pnputil -d oem12.inf`.

Soma namba ya oem mara mbili kabla ya kubonyeza Enter. oem12 inaweza kuwa kadi ya mtandao na oem13 ikawa ya skrini.

Vivuli vya kadi. Kadi iliyong'olewa, au iliyohamishwa kutoka nafasi moja ya madabodi hadi nyingine, hubaki imeandikwa ndani ya Windows. Ndiyo maana unakuta muunganisho unaitwa "Local Area Connection 3" wakati una kadi moja. Fungua menyu ya "View", chagua "Show hidden devices"; vivuli huonekana vimefifia. Kwenye Windows 7 lazima kwanza uandike hivi kwenye dirisha la amri, kisha ufungue Device Manager kutoka dirisha hilohilo:

`set devmgr_show_nonpresent_devices=1`
`start devmgmt.msc`

Futa vile tu unavyovitambua: Realtek ya zamani, kadi ya USB uliyoipoteza, simu za watu waliowahi kuchomeka. Usiguse vinavyoitwa WAN Miniport, Teredo, ISATAP au Kernel Debug. Hivyo ni vya Windows, na vilifichwa kwa makusudi.

Mabaki ya VPN na antivairasi. Programu hizi hujipachika kati ya kadi na Windows. Mashine ya mtumba iliyotoka ofisini Ulaya huweza kuja nazo kama diski haikusafishwa. Fungua sifa za muunganisho wako ndani ya `ncpa.cpl`, usome orodha ya vitu vilivyounganishwa na kadi. Ukiona jina la VPN au antivairasi usiyoitumia, iondoe kwa `appwiz.cpl`, kwa njia yake halali. Ukiifuta kwa kung'oa faili, mtandao wote unaweza kufa pamoja nayo.

Baada ya hayo yote, zindua mpangilio wa mtandao upya kwa amri hizi mbili, kisha uwashe kompyuta upya:

`netsh winsock reset`
`netsh int ip reset`

Kama ulikuwa umeweka anwani ya kudumu, iandike pembeni kwanza, kwa kuwa itafutika.

## Kuweka moja tu

Utafutaji uende kwa mpangilio huu:

1. Tovuti ya aliyetengeneza kompyuta. Kwa Dell tumia Service Tag, ile namba ya herufi saba kwenye kibandiko. Kwa HP tumia namba ya bidhaa. Kwa Lenovo aina ya mashine.
2. Tovuti ya aliyetengeneza kadi.
3. Katalogi ya Microsoft Update, ambako unaweza kutafuta kwa zile namba za VEN na DEV.

Hakikisha kama Windows yako ni ya biti 32 au 64, draiva hazibadilishani. Faili likifunguka kama programu ya kuweka, liendeshe. Likiwa ni zipu, lifungue ndani ya folda, kisha Device Manager, "Update driver", "Browse my computer", uielekeze folda hiyo. Ndani yake unapaswa kuona faili la .inf. Lifungue kwa Notepad, utafute namba yako ya DEV. Isipokuwemo, usilazimishe.

Utauliza: si ya karibuni ndiyo bora? Kwa kompyuta ya 2010, hapana, si lazima. Mtengenezaji anapotoa toleo jipya huwa anafikiria kadi zake za sasa, na za zamani anaweza kuziacha. Draiva ya miaka kumi iliyopita inayoshika mtandao kutwa nzima ina thamani kuliko ya mwaka huu inayokatika.

Kuhusu Code 52 kwenye Windows 7: draiva nyingi za baadaye zilisainiwa kwa mtindo wa SHA-2 ambao Windows 7 ya awali haiujui. Hakikisha una Service Pack 1, kisha weka masahihisho ya KB4474419. Usizime ukaguzi wa sahihi. Utakuwa umewafungulia mlango virusi vinavyojifanya draiva.

## "Nimeweka, kesho yake imerudi mbovu"

Malalamiko haya ni ya kweli, na anayefanya hivyo ni Windows Update. Inaona draiva yenye tarehe mpya zaidi, inaiweka bila kukuuliza.

- Jaribu "Roll Back Driver" kwenye ukurasa wa "Driver" wa kadi. Kitufe kikiwa kimefifia, ghala halina ya nyuma. Weka upya ile uliyohifadhi kwenye flashi.
- Andika "Change device installation settings" kwenye sehemu ya kutafutia, uchague "No".
- Kwenye ukurasa wa "Power Management" wa kadi, ondoa alama kwenye ruhusa ya kompyuta kuizima ili kuokoa umeme. Kadi nyingi "zinazokatika zenyewe" hutulia kwa hatua hii moja.
- Kwenye "Advanced", acha "Speed & Duplex" kwenye Auto. Mtu akilazimisha kasi upande mmoja na swichi ikabaki Auto upande wa pili, mtandao utakuwa mzito na wa kukatika, na kila mtu atailaumu draiva.

## Laptopu, na wenye Linux

Kwa laptopu nina moja tu la kuongeza: tafuta swichi ya waifai. ThinkPad na HP nyingi za zamani zina kitufe cha pembeni au juu ya kibodi, na hakuna draiva inayoweza kuwasha redio iliyozimwa kwa mkono.

Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine nyingi za zamani hazikubaliki kwa Windows 11, kwa hiyo wengi wamehamia Ubuntu au Mint. Huko nako mgongano upo, tena wa wazi zaidi. Andika:

`lspci -nnk`

Chini ya kadi utaona mstari wa "Kernel driver in use" na mwingine wa "Kernel modules". Modyuli zikiwa zaidi ya moja, wagombea umewapata. Kwa Realtek 8168 ni r8169 dhidi ya r8168. Kwa waifai ya Broadcom ni b43 au brcmsmac dhidi ya wl. Chagua moja, nyingine uizuie kwa kuandika mstari wa `blacklist` na jina lake ndani ya faili jipya lenye mwisho wa .conf katika /etc/modprobe.d, kisha `sudo update-initramfs -u`, uwashe upya. Anza kwa kuiacha ile iliyokuja na Linux yenyewe. Izuie pale tu inapokuwa imeshindwa kweli.

Wenye mifumo miwili kwenye mashine moja wana tatizo lao: kadi ya Realtek inafanya kazi ndani ya Windows, ukiingia Linux imekufa. Windows iliizima ilipokuwa inafunga. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme (na betri, kama ni laptopu), shikilia kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika, washa. Kisha ndani ya Windows washa "Shutdown Wake-On-Lan" kwenye "Advanced" ya kadi, na uzime Fast Startup.

## Njia za mkato zinazogharimu

Programu zinazoahidi kutafuta draiva zote kwa mbofyo mmoja ni chanzo kikubwa cha kesi ninazoletewa. Huweka kwa kukisia, huweka nyingi kwa mpigo, na baadhi huja na matangazo na wadudu. Zikishapita, hujui tena ni draiva ipi iliharibu nini.

Kuweka Windows upya nako hupendekezwa haraka mno. Ni kweli utapata ghala safi. Lakini kama huna draiva sahihi kwenye flashi, utaishia na Windows mpya isiyo na mtandao, na mafaili yako yakiwa hatarini. Iache iwe hatua ya mwisho.

## Kadi ikiwa imekufa kweli

Radi hupita kwenye waya wa mtandao kama inavyopita kwenye waya wa umeme, na kadi ya ndani ndiyo huungua kwanza. Ukiwa umeondoa kila draiva, umeweka iliyo sahihi kwa namba, ukajaribu waya mwingine, na bado unapata Code 10 au kadi haionekani hata kwenye `lspci` iliyoendeshwa kutoka flashi ya Linux, ingia BIOS kuhakikisha kadi ya ndani haijazimwa humo. Ikiwa imewashwa na bado haionekani, acha kuhangaika nayo. Izime humohumo kwenye BIOS ili isigombane na itakayokuja, kisha nunua kadi ya kuchomeka kwenye PCI Express, au ya USB kama ni laptopu. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji aichomeke kwenye kompyuta yake, mfungue Device Manager pamoja, na usome namba yake ukiwa bado dukani. Piga picha namba hiyo, na draiva yake uipakue hapohapo.